Utepe wa Pili

4 Februari

Kiroboto, mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sista anasema herufi zangu zinatembea kama zimelewa, nami nimemjibu kwamba zina haki ya kuchoka, zimekaa nami miaka sabini na sita. Simu sisikii tena. Nikiiweka sikioni nasikia nyuki tu. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani, na wewe utavumilia.

Daktari alikuja juzi, akakaa kitako muda mrefu kuliko kawaida yake, akaniuliza kama nina watu. Nikamwambia ninaye mmoja, mtoto wa kaka yangu, ana kazi nyingi. Daktari akikuuliza hivyo hatafuti hesabu ya ndugu zako.

Lakini sikuandikii habari za mwili. Nimesoma gazetini kwamba mashine yenu ya kutibu saratani kwa mwale wa protoni iko karibu kumalizika, na nimeona picha yako ndani ya kofia ya plastiki, umekunja uso vilevile alivyokuwa akiukunja marehemu baba yako akiona kamera. Nina maswali ya kitoto, unijibu upesi. Sumaku zenu za utepe, ule kondakta usiozuia umeme hata kidogo ukiwa baridi kali, zitakaa baridi muda gani bila kupata joto? Mlipokadiria umri wa utepe chini ya mionzi, mlitumia mchoro wa vipimo vya nani? Na chombo cha baridi kinachozibeba sumaku kitafungwa lini?

Sina sababu yoyote. Mtu akikosa usingizi hutafuta cha kufikiria.

Shangazi yako


10 Februari

Shangazi wangu,

Barua! Mlinzi wa getini ameniletea ameishika kwa vidole viwili kama amekamata panya. Vijana ofisini wakasimama kuangalia. Mmoja akauliza, "Bosi, hiyo ni posa?" Nikawaambia imetoka kwa shangazi yangu, yule mwenye mchoro. Wote wakarudi mbio kwenye viti vyao. Umeona? Mpaka leo unatisha watu.

Kwanza huyo daktari. Amesema nini hasa? Usinizungushe. Nitakuja tukishafunga chombo, mwanzoni mwa Machi, nikae nawe mpaka unifukuze.

Sasa majibu. Sumaku zitakaa baridi miaka kumi mfululizo. Ndiyo sifa kubwa ya mashine yetu, haisimami. Foleni ya wagonjwa imeshajaa kabla hatujafungua, na nusu yao ni watoto. Protoni zinazopotea njiani zitaupiga utepe wa sumaku kila siku, kidogo kidogo, na kamati ya usalama iliogopa hilo. Wakaniuliza, utepe ukipigwa hivyo miaka kumi hautakufa?

Nikawaeleza kama ulivyonieleza mezani kwetu nikiwa darasa la nne. Unakumbuka? Uliweka punje za mchele kwenye sinia, ukaliinamisha, zikamwagika zote mapajani mwangu. Ukasema: hizi ni nyuzi za sumaku zinazoutoboa utepe. Umeme ukipita, zinasukumwa upande. Zikiteleza zinaleta joto, na joto likizidi sumaku inaungua. Kisha ukalikwaruza sinia kwa msumari, ukainamisha tena, punje zikanasa kwenye mikwaruzo. Msumari ndio mionzi, ulisema. Kasoro chache zinazishikilia nyuzi, utepe usipoteze nguvu; zikizidi mno sinia linatoboka. Mama akakufokea wiki nzima kwa ajili ya sinia lake.

Kamati ilicheka. Halafu nikawaonyesha mchoro wako: kwa dozi ya miaka kumi, utepe bado unabeba umeme mwingi kuliko ulipokuwa mpya. Wakapitisha palepale.

Unauliza mchoro wa nani! Kwani kuna mwingine? Ni wewe peke yako uliyepiga utepe wa aina hii ukiwa baridi ukaupima palepale bila kuupasha. Wengine wote waliutoa, ukapata joto, ndipo wakapima. Ila nimekuelewa, Shangazi, hukuuliza bure. Nimeshazungumza na Mkurugenzi: jina lako litawekwa kwenye kibao ukutani, herufi kubwa.

Chombo kitalehemiwa tarehe ishirini na nane. Fundi wetu wa kulehemu tunamwita Haraka, kwa sababu hana. Akimaliza hakuna mkono utakaoingia humo tena, labda mkate chuma.

Kiroboto wako


14 Februari

Mwanangu,

Sitaki kibao. Mwambie Mkurugenzi azibie tundu la panya.

Umeandika "ukaupima palepale bila kuupasha." Maneno hayo ni yangu, ndivyo nilivyoandika kwenye makala, nami nimeyarudia kusoma kwenye barua yako mpaka Sista akaninyang'anya miwani. Kuna jambo dogo kuhusu maneno hayo.

Utepe tulikuwa tumeupiga dozi ya mwisho, ile kubwa, jioni. Kipimo kilikuwa cha kesho yake. Katikati hapo umeme ukakatika mtaa mzima na kompresa ya baridi ikasimama. Hakuna aliyekuwapo. Umeme uliporudi kompresa ikajiwasha yenyewe. Nilipofika asubuhi nilifuta maji sakafuni, maana mimi siwezi kufanya kazi penye uchafu, nikatazama kipimajoto, kilisoma baridi ileile. Nikapima. Namba zilikuwa nzuri. Habari za umeme kukatika nilizisikia siku mbili baadaye kwa muuza duka, alikuwa analalamikia maziwa yake yaliyoharibika. Ndipo nikajiuliza kama chombo chetu nacho kilipata joto. Lakini makala ilikuwa imeshatumwa.

Unajua mwenyewe maana yake. Utepe uliopigwa na mionzi ukipata joto, atomi nyingi zilizosukumwa nje ya nafasi zake hurudi. Kasoro ndogo, zile zinazouchosha, hujifunga. Zinabaki kubwa, ambazo ndizo zinazonasa nyuzi vizuri. Kwa hiyo utepe uliopata joto huonekana mzima kuliko ule ambao haujapata. Na zako hazitapata joto kwa miaka kumi.

Labda tofauti ni ndogo. Hata hivyo, ningekuwa wewe ningeongeza ngao kati ya mwale na sumaku, kimyakimya, niseme ni tahadhari. Wahandisi huongeza vitu kwa tahadhari kila siku.

Kula vizuri. Kwenye picha ile umekonda.

Shangazi yako


18 Februari

Shangazi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, watu wananipita wananiambia samahani.

Nina swali. Maji hutoka wapi chini ya chombo cha baridi? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kikiwa salama, ganda la nje ni kavu kama sahani ya kabatini, kwa sababu kati yake na baridi kuna ombwe, nafasi isiyo na hewa kabisa. Ganda likianza kutoa jasho, ujue ndani kumepata joto na ombwe limeharibika. Umeandika ulifuta maji kwanza, halafu ukapima. Kisha ukaandika ulisikia kwa muuza duka siku mbili baadaye.

Shangazi, ulijua kabla hujapima.

Na ngao haiongezwi kimyakimya. Ni kilo mia nne za tungsteni, metali nzito kuliko risasi. Stendi zibadilishwe, nafasi ipatikane ambayo haipo, ufunguzi usogee kwa miezi mingi, wagonjwa waambiwe wasubiri au waende kwingine. Nikisema tahadhari, wataniuliza tahadhari ya nini, na hapo nitasema nini? Kwamba shangazi yangu alikuta sakafu ina maji?

Ninachohitaji kujua ni kimoja tu. Utepe ambao haujapata joto hata mara moja unapoteza kiasi gani kwenye dozi ile? Ikiwa asilimia mbili, tatu, naweza kulala. Ikiwa thelathini, sumaku inaungua kabla ya nusu ya umri wake, mgonjwa akiwa amefungwa mikanda kitandani, na mashine inakufa na foleni yake yote. Kama una fununu yoyote, niambie. Zimebaki siku kumi Haraka awashe moto wake.

Mhandisi Mkuu, Kitengo cha Sumaku

Nimetia sahihi hivyo kwa mazoea. Au pengine si mazoea.


21 Februari

Kwa Mhandisi,

Mimi ni muuguzi wa shangazi yako. Ananiita Sista, ingawa nina mume na watoto wanne.

Alipomaliza kusoma barua yako aliomba viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema maabara. Maabara ile ilivunjwa zamani, siku hizi ni maegesho ya magari. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Basi nitaegesha." Akaanguka mlangoni. Hakuvunjika, ila pumzi zimepungua na daktari ameongeza dawa.

Amenikataza kukupigia simu. Anasema utakuja mbio huku, na chombo kitafungwa kule na watu wengine. Ameniamuru niandike kwamba hajambo. Mimi nisingesema hajambo.

Anaandika kitu. Kila mistari michache anapumzika, ananiuliza leo tarehe ngapi. Nitampa dereva wa basi aje nacho mkononi, posta itachelewa.

Muuguzi


22 Februari

Mwanangu,

Unauliza kama nina fununu. Fununu sina. Nina namba.

Ndiyo, nilijua. Nilipoona maji nilielewa nikiwa bado nimeshika ufunguo wa mlango. Nilipima hata hivyo, nikijiambia ni kujaribu vyombo tu, kazi yenyewe nitairudia. Namba zikatoka nzuri ajabu. Mkuu wa maabara akaingia, akaona karatasi inavyotoka kwenye mashine, akaninyanyua juu, na uzito wangu wote ule, akanizungusha mbele ya mafundi. Kabla ya chakula cha mchana jengo zima lilikuwa limesikia. Mtu aliyekunyanyua juu, unamwambiaje akushushe? Sikujua. Nilisubiri anishushe mwenyewe, na hakunishusha.

Lakini jambo hilo si lenyewe. Lenyewe ni hili. Nilirudia.

Miezi mitano baadaye, utepe wa pili, uliokatwa kwenye utepe mrefu uleule, dozi ileile. Nilitandika blanketi kando ya kompresa, nikala hapo, nikalala hapo, nisije nikaibiwa baridi tena. Haukupata joto hata kidogo. Mwanzoni uwezo wake wa kubeba umeme ulipanda kama wa kwanza, nikaanza kuimba. Halafu ukasimama. Halafu ukaanza kushuka. Nilipofika dozi kubwa ulikuwa umepoteza asilimia thelathini na nne. Niliupima tena, na tena, kama mtu anayepekua mkoba uleule akitafuta ufunguo ambao ameshaona haumo.

Nikamwambia mkuu wa maabara kwamba utepe ulipata ufa nilipoubana kwenye kishikio. Aliniamini. Tepe zile hupata nyufa, ni kama kauri. Ukaenda kwenye pipa la taka za mionzi, na pipa likapelekwa yanakopelekwa mapipa hayo, hakuna mtu anayeyafungua.

Makala ilikuwa imeshatoka. Nilikuwa naitwa huku na huku kuzungumza. Baba yako aliwaambia majirani kwamba dada yake ni bingwa wa makondakta, wakadhani nina mabasi. Nilisema nitasahihisha baadaye, mambo yakitulia. Kisha ukaja wewe, umebandika mchoro ule kwenye jalada la daftari lako, ukasema unataka kusoma nilichosoma mimi.

Sasa namba unayo. Thelathini na nne. Simamisha kazi.

Na ninakuomba, kama kuna njia ya kufanya hivyo bila kunitaja, uitafute. Siku zangu hazizidi za mgonjwa yeyote kwenye foleni yako, na ningependa kuzimaliza nikiwa yule yule mnayemfahamu. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaikata, nikaiandika tena.

Shangazi


26 Februari

Shangazi,

Nimesimamisha. Haraka alikuwa ameshavaa kinyago chake cha kulehemu, anajaribu vyombo vyake mapema, akaniuliza, "Leo hamnitaki haraka?" Watu wakacheka. Mimi nilishindwa.

Nimepiga hesabu kwa namba yako. Sumaku ya kwanza inakufa kabla ya mwaka wa nne kwisha. Nimerudia kwa njia nyingine, inakufa mapema zaidi.

Kamati iliniita jana. Sikukutaja. Nimesema nimekuta kosa kwenye hesabu zangu mwenyewe za mionzi, mimi niliyezifanya. Mkurugenzi amenitazama kama mtu aliyeuziwa gari bovu. Wamenipa wiki mbili: nilipate kosa, nilirekebishe, chombo kifungwe. Wiki mbili hazitoshi hata kumpata mtu mwenye mwale wa kutuazima, lakini nitawababaisha kwa jambo hili na lile mpaka nipate nafasi ya kupima upya.

Kwa hiyo tulia. Jina lako liko palepale. Kibao kimeshachongwa, kiko kwenye boksi mlangoni pa Mkurugenzi, nakipita kila siku.

Sitakuficha kwamba nimekasirika. Nikiwa jikoni peke yangu nagombana nawe kwa sauti mpaka jirani amegonga ukuta. Lakini hayo ni yetu ya nyumbani, tutayamaliza nyumbani.

Kiroboto


1 Machi

Kwa Kamati ya Usalama,

Mhandisi wenu Mkuu wa Sumaku amewaambia kwamba kosa liko kwenye hesabu zake. Si kweli. Hesabu zake ni sahihi. Kosa ni mchoro alioutegemea, na mchoro ule ni wangu.

Niliandika kwamba utepe ulipigwa mionzi na kupimwa ukiwa baridi bila kupata joto hata mara moja. Utepe ule ulipata joto kabla ya kipimo cha mwisho, nami nilijua kabla ya kupima. Baadaye nilipima utepe wa pili ambao haukupata joto. Kwenye dozi mliyoikadiria kwa miaka kumi ulipoteza asilimia thelathini na nne ya uwezo wake. Matokeo hayo niliyaficha kwa kudai kwamba utepe ulikuwa na ufa.

Mhandisi ni mtoto wa kaka yangu. Amesema uongo mbele yenu ili kunisitiri, kwa sababu nilimwomba. Ombi lile lilikuwa baya, naliondoa.

Msimpe wiki mbili. Mpeni utepe, mwale na muda wa kutosha apime mwenyewe, kisha muamini kipimo chake. Kipimo changu msikiamini, hata hiki cha pili, mpaka mtu mwingine akipate.

Nimeandika nikiwa na akili zangu. Muuguzi wangu ametia sahihi chini kama shahidi.

Mtafiti mstaafu, mwenye mchoro


6 Machi

Shangazi,

Walinisomea barua yako mbele ya watu kumi na mmoja. Mwenyekiti aliisoma taratibu, na alipofika kwenye "amesema uongo mbele yenu" akanyanyua macho akanitazama, akaendelea.

Nimeondolewa ukuu. Ni sawa, sheria zao ziko hivyo, aliyedanganya kamati haongozi kitengo. Nimewekewa kijana aliyekuwa chini yangu, ambaye sasa anagonga mlango wangu kila baada ya dakika tano, "Samahani dada, hii swichi ya nini?" Vijana wengine hawajui waniiteje. Wameacha kuniita chochote.

Wamekubali kipimo kipya. Chombo kimebaki wazi. Umepata ulichotaka.

Lakini ungenionya! Hata siku moja kabla! Ningesimama mwenyewe nikasema, wasingelisikia kwa barua. Nilikuwa nimepanga kuwaambia ukweli wote. Nilikuwa nimeshaandika maelezo, yako kwenye droo. Ningewaambia baadaye.

Unajua baadaye ya nini.


11 Machi

Mwanangu,

Najua baadaye ya nini. Sikulaumu. Ungenizika vizuri, ungelia, watu wangesema maneno mazuri juu ya mchoro, halafu wiki moja ipite, mbili, uone aibu kuanza. Neno hilo hilo, "baadaye", nilijiambia mimi nikiwa na blanketi mkononi. Nilikuwa na umri kama wako.

Sikukuonya kwa sababu ungenizuia, nami ningekubali. Nilikuwa natafuta mtu wa kunizuia.

Sista ameuliza kama nimelala vizuri tangu barua ile iondoke. Sikulala. Nilidhani nitalala. Moyo unakwenda mbio kama nimeacha kitu jikoni kinaungua. Daktari anasema ni dawa, mimi nasema ni kusubiri. Mkishapima niambieni kilichotoka, kiwe chochote. Kikitofautiana na changu, niambie pia.

Na pole kwa cheo. Nilizoea kukiandika kwenye bahasha.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi yangu,

Tumepima. Hapa tulipoazima mwale walitupa chumba cha chini, hakina dirisha, na kompresa inayokoroma kama mjomba wa Mama. Tulipokezana zamu ya kuilinda, mimi na yule kijana mkuu wangu. Hatukuiacha peke yake hata kwenda chooni. Siku ya nne akaniambia, "Dada, naona utepe unapanda, labda shangazi yako alikosea mara ya pili, akapatia ya kwanza." Nikamwambia asiseme kitu, apime. Kwenye dozi ya saba utepe ukaacha kupanda. Kwenye ya nane ukaanza kushuka. Akaniangalia, akaweka kalamu chini.

Asilimia thelathini na sita.

Halafu tukauacha upate joto, tukaupoza tena, tukapima. Ukarudi juu karibu kabisa na mchoro wako. Kwa hiyo kila mwaka tutasimamisha mashine wiki tatu, tuziache sumaku zipate joto. Na ngao inaingia. Ufunguzi umesogea miezi saba. Mama mmoja alinisubiri getini na faili la mtoto wake, akauliza kwa nini. Nilimweleza, si kwa mchele na sinia, nilimweleza lilivyo. Hakunishukuru, na sikutegemea anishukuru. Mtoto tumempatia nafasi kwingine, mbali. Wengine bado tunawatafutia.

Nimeambatanisha rasimu ya makala. Wewe ndiye uliyepima kwanza, hakuna anayebisha, hata mwenyekiti. Nimeandika hivi: "Kipimo cha kwanza cha aina hii kilifanywa miaka thelathini na tatu iliyopita na mtafiti ambaye jina lake ni la kwanza kwenye makala hii. Utepe uliotumika haukupatikana tena." Isome. Ukiridhika utie sahihi.

Sista ameniambia kwa simu usilotaka aniambie. Nakuja Jumamosi, basi la asubuhi.

Kiroboto


21 Mei

Mwanangu,

Anayeandika ni Sista. Maneno ni yangu, makosa ya tahajia ni yake. (Si kweli. Muuguzi.)

Thelathini na sita ni sahihi kuliko yangu. Kipimajoto changu kilikuwa kinasoma chini kidogo, na nilikuwa najua, nilisahau kuwaandikia kamati. Tumia yenu. Kijana aliyetaka niwe nilipatia mara ya kwanza mwambie nami nilitaka hivyo hivyo.

Rasimu ni nzuri. Umeandika kwa kifupi, mimi nilikuwa napamba. Jina langu siliondoi, nilikuwa nataka kuliondoa, lakini Sista amenisomea mara mbili na nimeona kulitoa ni kujificha tena.

Ila kuna neno nalikataa. "Haukupatikana." Umeliandika kwa upole, kama mtu anayefunika maiti. Nilikwambia utepe ulikwenda kwenye pipa. Sikukwambia ulikwendaje. Ungekwenda mzima, mtu yeyote angeweza kuutoa siku moja akaupima, akaona hauna ufa. Kwa hiyo nilivaa glavu, nikaukata kwa mkasi, vipande vifupi kama kucha, nikahakikisha hakuna hata kimoja cha kutosha kushikwa na kishikio. Kisha nikanawa, nikaenda kula na wenzangu, na nilichekesha meza nzima.

Futa "haukupatikana". Andika kwamba aliukata yeye mwenyewe kwa mkasi, ili usipimwe tena. Jina langu liweke hapo hapo, mwanzo wa sentensi.

Shangazi